Mtu Aliyejiita Bundala

Nakumbuka wiki moja pale Usagara, mwanangu, na kila nikiikumbuka najikasirikia upya, bibi mzima mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Nilikuwa nauza chai na maandazi kwenye kibanda cha mbao pale njia panda, ambapo magari ya kwenda kivuko cha Kigongo yanaachana na yale ya Shinyanga. Jina langu ni Kabula, lakini wateja waliniita Redio, na wala sikukasirika. Nilijiona mtu wa maana sana kujua habari za watu na kuzimwaga kabla mteja hajakimaliza kikombe chake.

Nakueleza haya kwa sababu ya jana. Mlikuwa mmekaa hapa nje mnaangalia kwenye simu habari ya wasichana waliopelekwa nchi za watu wakafanyishwa kazi kama punda. Wewe ukauliza, kwani hawakuwa na miguu? Mbona hawakukimbia? Wenzako wakacheka. Mimi nikaingia ndani nikafunga mlango, maana ningefungua mdomo jana ningetukana mtoto wa watu. Leo nimetulia kidogo. Kidogo tu, usinijaribu.

Basi, mwanangu, zilikuwa zile siku za ruksa. Biashara huria imeingia, mitumba kila kona, viwanda vya minofu ya sangara vinafunguliwa Mwanza, na kila mwenye mtumbwi anatafuta vijana wa kuvua. Upande wetu wa pamba mambo yalikuwa yamelala. Kaka yangu Makoye, aliyenizidi miaka miwili, alikuwa kibarua kwenye jineri, kile kiwanda cha kuchambua pamba. Wakapunguzwa, na yeye akiwemo. Akawa anashinda nyumbani anatengeneza baiskeli ambayo haijaharibika. Baba yetu, Bundala, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na mama alikuwa hajacheka tangu siku ya mazishi.

Haya yote alikuja kuyajua mwanamume mmoja aliyekunywa chai kwangu mara mbili wiki ile. Alijuaje? Si mimi Redio! Aliniuliza kwa upole tu, nikamwaga: jina la marehemu baba, upweke wa mama, Makoye na cheti chake cha darasa la saba, mpaka mti ulioko mbele ya mlango wetu. Alikuwa na jino la mbele lililovunjika nusu, na dereva aliyekuwa naye alimwita Shija. Nilisikia vizuri kabisa, Shija.

Jumamosi akaja nyumbani. Akamwamkia mama kwa adabu zote, akakaa kwenye kigoda, akasema yeye ni mtu wa upande wa ziwani na jina lake ni Bundala.

Sasa wewe umezaliwa mjini, labda hili hulijui. Kwetu Usukumani jina la marehemu si la mchezo. Mtu mwenye jina la baba yako unamwita baba, na mjane akikutana na mwenye jina la mumewe atamtania, “Karibu, mume wangu,” atampa kiti kizuri na kumpikia. Humhoji mtu wa namna hiyo. Kumuuliza unatoka kwa nani na unakaa wapi ni kama kumhoji marehemu mwenyewe. Mama aliposikia lile jina aliweka ungo chini, akamtazama, akacheka. Tukachinja kuku.

Mimi nilikuwa nimeshika beseni la kumnawisha mikono. Akanitazama, akatabasamu na lile jino lake, na mimi nikainamisha macho kwenye maji. Nilijua, mwanangu, usije ukadhani sikujua. Nikajidanganya kwamba watu wengi wana majina mawili, la kanisani na la nyumbani. Ukweli ni kwamba mama alikuwa anacheka na sikutaka kuwa mtu wa kumnyamazisha. Tena ningesema, wangeuliza huyu mtu kalijua wapi jina la baba, na jibu lilikuwa mdomo wangu. Kwa hiyo nikanyamaza, siku moja katika maisha yangu yote nilipotakiwa kusema.

Alisema ana kambi ya uvuvi kisiwani na anahitaji karani wa mizani, kijana aliyesoma. Akampa mama kanga mpya. Akakichukua cheti cha Makoye, eti akakitunze mahali pakavu. Mama akamwombea safari njema, akamwambia, “Mume wangu, mtoto wako huyo.” Jumatatu wakaondoka.

Miezi minane haikuja barua wala salamu. Mama hakuwa na wasiwasi, kila ukimuuliza anasema mtoto yuko kwa baba yake. Mimi ndiye niliyekuwa silali. Halafu siku moja akasimama kibandani kwangu mama mmoja kutoka Misungwi, anamtafuta mwanawe. Alichukuliwa, alisema, na mtu mwema sana anayeitwa Masalu, jina la baba mzazi wa huyo mama. Nikamuuliza huyo Masalu yukoje. Akanieleza, akafika kwenye jino lililovunjika. Nikakaa chini kwenye vumbi, na birika likafurika jikoni hakuna wa kuliepua.

Sikumwambia mama. Nilikimbilia kwa mjomba Ngassa, kaka yake mama, mfugaji, mtu wa maneno machache, nikamweleza yote, hata la beseni. Yeye alikuwa na rafiki mwenye mtumbwi wa injini Mwanza, na kwa kuulizauliza mialoni, kule mitumbwi inakoshusha samaki, tukaipata kambi. Kisiwa chenyewe sikitaji, kina watu wema wanaoishi pale hadi leo.

Tulifika mchana. Yule mtu wa jino hakuwepo. Pale aliitwa tajiri, ndivyo wavuvi wanavyomwita mwenye mitumbwi. Hapakuwa na geti, hapakuwa na mlinzi. Makoye alikuwa amekaa kwenye mchanga anashona nyavu, amekonda, viganja vimechanika. Wenzake walimwita Karani, na mizani yenyewe hakuwahi kuigusa. Mimi badala ya kumkumbatia nikapandwa na hasira. Miezi minane mama anajidanganya, mimi silali, kumbe bwana mkubwa amekaa ufukweni hana hata kamba mguuni! Nikapayuka mbele ya watu wote.

“Mbona hukukimbia? Una miguu, una macho, mitumbwi inapita hapa kila siku. Wewe ni mjinga kiasi gani?”

Wavuvi wakacheka. Makoye akanitazama kama mtu asiyenijua, akasema, “Rudini tu. Mimi niko kazini.” Akaendelea kushona wavu wake. Tulibembeleza mpaka jua likaanza kushuka, hakuinua kichwa tena. Tukarudi bila yeye.

Kwenye mtumbwi nililia, na huku nalia namlaumu. Nikasema amelogwa, amependa, shauri yake. Mjomba aliniacha nikachoka. Ndipo akanigeukia, na sijawahi kumwona amekasirika vile kabla wala baada.

“Unamuuliza yeye kwa nini hakukimbia,” alisema. “Mbona hujamuuliza mama yako kwa nini alimchinjia kuku mtu asiyemjua? Mbona hukujiuliza wewe kwa nini ulishika beseni ukanyamaza? Sote tulimsindikiza. Sasa tunataka arudi peke yake.”

Kumbe nilipokuwa napayuka, yeye alikaa na wale vijana akavuta nao tumbaku na kuwasikiliza. Kila mgeni, siku ya kwanza, tajiri alimsimamisha mbele ya wenzake akamwambia: mama yako amekutoa, amenipa mimi, na kanga yangu amevaa, ukiondoka wewe ni mwizi na nyumbani hutapokelewa. Akitoroka mmoja, kambi nzima hulala njaa. Kwa hiyo waliomkamata na kumpiga mtorokaji walikuwa wavuvi wenzake, tajiri hana haja ya kuinua mkono. Makasia hulala nyumbani kwa tajiri. Na Makoye ni mtoto wa ng'ombe na pamba, mwanangu, hajui kuogelea hata mita mbili. Lakini alivyosema mjomba, hata maji yangekauka asingetoka. Alikuwa anaamini mama yake ndiye aliyemtoa.

Ikabidi nimwambie mama. Nilipiga magoti nikasema yote, kuanzia chai mpaka beseni. Nilitegemea vibao. Hakunipiga. Alivua ile kanga aliyokuwa amejifunga, akabaki na gauni, akaikunja, akanipa. Akasema nimpelekee Makoye aione, na nimwambie kwa mdomo wangu mwenyewe, si wa mjomba.

Mara ya pili tulikwenda na yule mama wa Misungwi na wanaume wanne wa kwetu. Nilimkuta Makoye palepale. Safari hii sikuuliza kitu. Nilikaa kwenye mchanga pembeni yake, nikaweka kanga kwenye mapaja yake.

“Mama ameirudisha,” nikamwambia. “Yule mtu si Bundala. Jina la baba nilimpa mimi, na siku ile anakuja nyumbani nilijua anadanganya nikanyamaza. Wewe hukukosea kitu.”

Aliikunjua kanga, akaikunja, akaikunjua tena. Halafu akauliza kwa sauti ndogo, “Kwa hiyo mama hakunitoa?”

Nikamwambia hakumtoa, alidhani anamkabidhi kwa baba yake. Makoye akalia mbele ya wenzake, na safari hii hakuna aliyecheka.

Tajiri alikuwepo siku hiyo, akatoka na maneno yake matamu: amemlea, amemlisha, ndiyo shukrani hii? Mjomba hakubishana naye. Alimuuliza swali moja tu kwa sauti, kambi yote isikie: “Wewe unaitwa nani?” Kijana mmoja akasema kwao alijiita Masalu. Mwingine akasema kwao alijiita Kulwa, jina la babu yake. Walikuwa wamekaa pamoja miezi yote hiyo, kila mmoja akidhani yuko kwa ndugu yake na wenzake ndio wageni. Tuliondoka na watatu siku ile, Makoye na mtoto wa yule mama wakiwemo. Tukatoa taarifa polisi, lakini walipofika kisiwani mtu alikuwa ameshahama. Cheti cha Makoye hatukukiona tena.

Unadhani yaliishia hapo? Ngoja. Makoye alikaa nyumbani karibu mwaka mzima akiomba ruhusa. Mama, naomba nikaoge. Mama, naomba niende chooni. Mwanamume wa miaka ishirini na nne. Akimaliza kula anakaa na sahani mpaka aambiwe ainuke. Na majirani wakaja, tena wacha Mungu, tena wengine ndugu, kila mmoja na swali lake lile lile, mbona hukukimbia baba, wakinywa na chai yetu. Kila akiulizwa alikuwa anarudi nyuma wiki nzima. Akaacha kwenda kanisani, akaacha hata kukaa mlangoni. Mwisho nilisimama uani na mwiko nikawaambia watu wazima wenzangu kwamba atakayeuliza tena nitamtaja jina lake kibandani mpaka Kigongo wasikie. Waliniogopa. Angalau siku hiyo umbea wangu ulifanya kazi.

Halafu asubuhi moja tuliamka kitanda chake ni kitupu, baiskeli haipo. Hakuaga. Kwetu kutoka nyumbani bila kumuaga mama yako ni utovu wa adabu mkubwa, mtoto anaweza kusemwa mwezi mzima. Mimi nikaanza kuhangaika. Mama akaniambia nikae chini. Alikaa pale mlangoni mikono mapajani, machozi yanamtiririka, anatabasamu. “Ametoka bila kuniomba,” akasema, akarudia, “Kabula, ametoka bila kuniomba.” Makoye akarudi mchana na mahindi ya kuchoma, anashangaa tunamtazama nini.

Sasa sikiliza nasaha yangu, maana sitairudia, nimechoka. Anayekuja kumchukua ndugu yako kwa kazi, hata akiwa na jina la babu yako, hata akipiga magoti vizuri kuliko wewe, muulize anakaa wapi, kwa nani, na nani mwingine anamjua. Fuata mpaka huko ukaone kwa macho. Akikasirika, mwache akasirike. Ukijua jambo, liseme wakati chakula bado kiko jikoni, hata kama utamkata mtu kicheko, hata kama aibu ni yako. Na aliyetoka huko akarudi, mpe maji, mpe chakula, mwambie hakukosea. Usimuulize miguu yake ilikuwa wapi. Jiulize sisi tulikuwa wapi, tuliomfungia mizigo na kumpungia mkono. Wale wasichana uliowacheka jana, kila mmoja wao alisindikizwa na watu wanaompenda.

Haya, njoo nikushike kichwa, usinikimbie. Mungu akukinge na mtu anayekujua kabla hujamjua. Akupe ujasiri wa kuuliza mbele ya wageni, na akuweke katika nyumba ambayo ukirudi mikono mitupu, watafurahi kwanza kwamba umerudi. Nenda kale.