Gumba Nyuma ya Swichi

Baba yangu walimwita Laini, na jina hilo hakulipata kwa tabia. Kwa tabia alikuwa msasa mtupu. Laini zilikuwa kuta zake. Alikuwa fundi rangi, na madalali wa nyumba za zamani walimtafuta yeye kabla mnunuzi hajakanyaga mlangoni. Ukuta uliooza kwa unyevu aliukwangua, akaupaka rangi ya mafuta, akaufunika kwa lipu nyepesi, akaupiga msasa na kumalizia kwa rangi mara mbili. Wenyewe waliita kazi hiyo kuuvisha ukuta. Nguo ilidumu msimu mmoja, ikizidi sana miwili. Kabla lipu haijakauka, baba alibonyeza gumba lake la kushoto, lenye kovu, nyuma ya kifuniko cha swichi ya taa. Akiitwa tena mahali, alifungua swichi kwanza, ajue kama ugonjwa ule ni wa kwake.

Sikumsikia hata siku moja akijiuliza wanaolala humo wanakuwaje. Simwonei, ni baba yangu na nampenda.

Kisha kifua cha mama kikaanza. Tulikaa chumba cha kupanga kando ya barabara ya malori, vumbi mpaka kwenye mito ya kulalia. Daktari hakuzunguka: mtoeni hapo, mpelekeni penye miti, la sivyo hamtakaa naye sana. Baba akauza kiwanja alichokihangaikia maisha yake yote, tukaenda kuangalia nyumba kuukuu iliyopakana na bustani kubwa ya jiji. Ukifungua dirisha, ni miti tu. Mama alisimama pale akavuta pumzi, akacheka kama msichana.

Baba akapitisha kiganja ukutani, taratibu, pembe hadi pembe.

"Aliyepaka hapa ni fundi," akasema. "Siyo hawa wa siku hizi."

"Baba, si ufungue swichi kwanza?" nikamwambia.

"Mkono huu una miaka thelathini kazini. Leo wewe ndiye wa kunifundisha?"

Tukanunua.

Mvua za kwanza, ukuta wa chumbani ukatoa jasho. Za pili, ukatoa madoa meusi na harufu ya nguo zilizosahaulika kwenye beseni. Mizizi ya miti ile ile tuliyoifuata ilikuwa imepita chini ya msingi na kuupasua, maji ya bustani nzima yakawa yanaishia kwetu. Kukata miti ya jiji ni marufuku. Mama akawa analala ameketi.

Asubuhi moja baba alichukua bisibisi. Nilimshikia kifuniko. Gumba lilikuwa pale, na kovu lake. Ndipo akakumbuka: msimu mmoja kabla hatujanunua, nyumba ilikuwa bado imekatwakatwa kwa mbao kuwa vyumba vya wapangaji, yeye akaingizwa kwa mlango wa uani, akavisha ukuta mmoja, akaenda zake. Aliketi sakafuni akalia. Mungu anisamehe, nilitaka kumpiga.

Dalali wa nyumba ile tulipompigia, alicheka.

"Laini, kwani umesahau kazi? Uvishe, nikuletee mtu."

Baba alikataa. Alikataa wiki tatu, na wiki hizo tatu mama alipungua hadi pete ikawa inamvuka kidoleni. Wiki ya nne mama akamwita, maneno mawili mawili kwa kukosa pumzi.

"Baba watoto... paka. Tuondoke. Sitaki... kufia humu."

Akapaka. Rangi nilimchanganyia mimi, kwa mikono yangu, nikijua. Hajawahi kufanya kazi nzuri kuliko ile. Safari hii hakubonyeza gumba.

Walikuja mke na mume, vijana, mke ana mimba kubwa. Mama tulikuwa tumempeleka kwa shangazi asisikike akikohoa. Yule dada alifungua dirisha, akaitazama miti, akacheka. Nilikifahamu kicheko kile, nikaangalia chini. Kisha akaweka kiganja ukutani.

"Jamani, ukuta laini hivi! Mzee, fundi wenu ni nani? Tungependa atupakie na chumba cha mtoto."

Baba akaingiza mkono wa kushoto mfukoni.

"Alishakufa, mwanangu," akasema.