Foto ya Shavu la Kushoto

Ilianza Jumamosi, tarehe kumi na sita ya mwezi wa sita 1979, saa tisa na nusu ya mchana, pale mama alipofungua bahasha ya studio kwenye meza ya chakula. Mimi nilikuwa uani napanga makaa kwenye mbabula, jiko letu la bati, kwa sababu mwezi wa sita kwetu Lubumbashi ni baridi na bibi hutaka moto mapema. Nilimwona kupitia mlango. Alishika foto kwa ncha za vidole, akaipeleka kwenye mwanga wa dirisha, akairudisha mezani, kisha akaketi.

"Kuya uone," aliniita. "Kuya, mutoto yangu."

Sipendi foto. Nilipokuwa na miaka miwili nilianguka juu ya mbabula kama ile niliyokuwa naiwasha, na upande wa kushoto wa uso wangu ukaungua, toka chini ya jicho mpaka pembe ya mdomo. Ngozi iliyoota pale ni ngumu na inang'aa, na nikicheka inavuta mdomo kwenda juu upande mmoja. Kwa hiyo sicheki mbele ya watu. Darasani nakaa kwenye benchi la ukutani, mkono wa kushoto, ili ukuta ndio unitazame. Niko mwaka wa nne wa sekondari na sijawahi kusoma kwa sauti mbele ya wenzangu. Sista anayetufundisha akiniita, nasema koo linauma. Sista mwenyewe amechoka kuuliza habari za koo langu.

Habari ya safari yangu ya Ulaya ilikuwa imeletwa na mama mudogo, yaani mdogo wake mama, ambaye huenda Ubelgiji kununua vitambaa na kuja kuviuza hapa mjini. Huko aliambiwa juu ya daktari anayetengeneza sura za watu: anachukua ngozi ya paja, anaishona shavuni. Hospitali ya kazini kwa baba walikuwa wamekwisha kutuambia kwamba kovu si ugonjwa. Haliumi, mtoto anakula, anasoma, mnataka nini tena? Mama mudogo aliwajibu, "Tunataka shavu."

Tangu hapo nyumbani kwetu ikawa ni safari tu. Pasipoti, viza, sweta nzito, nitalala kwa nani, kama likizo kubwa itatosha au nitachelewa kurudi shuleni. Bibi aliuliza kama ndani ya ndege mtu anaruhusiwa kupika bukari, ugali wetu. Lakini kabla ya yote daktari alitaka kuona foto mbili, moja ya uso mzima na moja ya shavu kwa karibu, ili aseme kama anaweza au hawezi. Mama mudogo alikuwa anaondoka Jumatatu. Foto ziende naye, au tungoje safari yake nyingine, ambayo hata yeye hakujua itakuwa lini.

Basi Alhamisi mama alinipeleka studio. Wakati natengenezwa kwenye kiti, mbele ya pazia lililochorwa ngazi na maua, nilimsikia akimwambia fotografe, "Baba, ufanye muzuri sana. Hizi zinaenda Bulaya."

"Usiogope, mama," fotografe alijibu. "Hata bazungu batashangaa."

Sasa foto zilikuwa mezani, na mimi nikaziangalia. Shavu la kushoto lilikuwa laini. Lilikuwa laini kuliko la kulia.

Kwetu hakuna foto ya studio inayotoka bila kalamu. Fotografe huegemeza filamu kwenye kioo cha dirisha, na kwa kalamu yenye ncha kama sindano hufunika chunusi, mashimo ya ndui, macho yaliyovimba ya mwanaume aliyetoka kazi ya usiku. Kwake ni adabu, kama kuosha kikombe kabla ya kumpa mgeni. Ndiyo maana kwenye sebule za mtaa wetu nyuso zote za ukutani zimelala vizuri kuliko wenyewe. Bibi ana chale tatu kila upande wa uso, alizochanjwa akiwa msichana kijijini, na kwenye foto yake hana hata moja. Siku ilipoletwa alikataa isitundikwe. "Bamenizaa mara ya pili," alisema, "na hapana mutu alieniuliza."

Kwa hiyo mama aliposema ufanye muzuri, fotografe alifanya muzuri.

"Ungekuwa hivi," mama alisema polepole. Hakuwa akiniambia mimi. Siku ile nilipoungua yeye ndiye aliyeacha mbabula mlangoni akaenda bombani kuchota maji. Hatuongei juu ya jambo hilo. Lakini mpaka leo kila jioni anaibeba mbabula na kuiweka juu ya matofali, juu kabisa, na nyumbani kwetu hakuna tena mtoto mdogo.

Aliisimamisha ile foto ya uso mzima juu ya redio, akaipangusa ingawa haikuwa na vumbi.

Nilipobaki peke yangu niliitazama kwa muda mrefu. Niseme kweli, nilimpenda yule msichana. Nilimwona akisimama mbele ya darasa, kitabu mkononi, anasoma ukurasa mzima bila kukohoa. Halafu nikaona mdomo. Ili anyooshe shavu, fotografe alilazimika kunyoosha na mdomo pia, na alionyoosha si wangu. Ulikuwa mwembamba, wenye maringo kidogo, mdomo wa mtu ambaye hajawahi kula bukari ya jana.

Bibi aliingia akijifunika kitenge mabegani, akasimama mbele ya redio.

"Tuko na mugeni?" aliuliza. "Mumupe kiti basi."

"Bibi, ni mimi."

"Weye? Hapana. Mbanda yangu namujua."

Mbanda ni mke mwenza. Bibi na mjukuu kwetu hutaniana hivyo, kana kwamba tunagombania babu, ingawa babu alikufa kabla sijazaliwa.

"Huyu iko muzuri," aliendelea. "Huyu angeninyang'anya bwana. Weye huwezi."

Nilifunika mdomo kwa mkono, maana kicheko kilikuwa kinakuja. "Basi unasema nisiende Ulaya?"

"Nani amesema? Enda! Ukirudi na shavu mupya, uniletee na meno."

Mama mudogo alifika jua likiwa linashuka, na harufu yake ya manukato, na haraka yake. Aliiona foto kabla ya kutusalimia. "Yee! Muzuri!" Akaichukua, akaigeuza nyuma, akaangalia mezani. "Na ya dokta iko wapi?"

"Njo hizo," mama alisema, yaani ndizo hizo.

Mama mudogo alizitazama zote mbili. Halafu alianza kucheka, akacheka mpaka akatafuta kiti. "Dada! Sasa mimi naenda kumuonyesha dokta hizi? Ataniuliza, mama, mutoto iko muzima, nimupasue wapi? Atanipasua mimi!"

"Aanzie kwa ulimi," bibi alisema.

Mama hakucheka. "Fotografe ametumika kazi vizuri."

"Ametumika sana, dada. Amemaliza kazi yote ya dokta. Lakini kalamu haifike kwa ngozi." Alifunga bahasha. "Kesho arudie studio. Bila vile, mi naenda mikono mitupu, na dokta hatamuchukua."

"Kesho Yenga, siku ya Mungu," mama alisema. "Studio inajaa batu ba misa, bamevaa muzuri, banangojea foto. Unataka bamutazame?"

"Na kule Bulaya watatazama nini? Ukuta?"

Neno lile la ukuta lilinipata. Sikuwa nimemwambia mtu juu ya benchi langu.

Mama aliichukua foto ya uso mzima, akaibana kifuani. "Hii nabaki nayo."

"Ubaki nayo. Mi nataka ya kweli." Kisha mama mudogo akanigeukia. "Na weye unasema nini?"

Siku zote zile za pasipoti na sweta hakuna aliyeniuliza swali hilo, nami nilifurahi kutoulizwa, kwa sababu ningelazimika kujibu. Nilisema sijui. Mama mudogo akasema atapita kesho jioni kuchukua bahasha, ikiwa na kitu au haina, akaenda zake.

Nilipokuwa naosha sahani nilijaribu kujua. Kisu nakiogopa, hilo ni rahisi. Naogopa pia baridi ya huko na kulala kwenye nyumba ya watu. Lakini kinachonitisha zaidi ni kingine: nitarudi na shavu laini, Sista ataniita, na mimi bado nitasema koo linauma. Siku hiyo nitasingizia nini? Hata hivyo nataka kwenda. Nilipoweka sahani ya mwisho nilijua nataka, maana nilimwonea wivu yule wa kwenye redio, na mtu haoni wivu kwa kitu asichokitaka.

Na jambo lingine. Kovu langu nalijua kwa vidole tu. Mbele ya kioo nasimama upande, kama darasani. Daktari akikubali, ataliondoa, na mimi nitakuwa sijaliona vizuri hata siku moja. Halina foto popote. Tangu niungue, mama hakuwahi kunipeleka studio mpaka Alhamisi ile, na hata hiyo ya Alhamisi imemtoa mwingine.

Asubuhi ya Jumapili nilimwambia mama naenda studio. Alikuwa anafunga kitambaa chake cha kanisani. Mikono yake ilichukua na changu, ikaanza kunifunga kama kawaida, chini sana upande wa kushoto. Ikasimama katikati. Akakifungua, akakikunja mara mbili.

"Nikufuate?"

"Hapana, mama."

Nilikwenda kichwa wazi, vumbi na baridi usoni. Watu wa misa ya kwanza walikuwa wamejaa kwenye mabenchi ya studio, na mama mmoja alimvuta binti yake asinitazame, naye akazidi kunitazama. Fotografe aliponiona alifikiri nimekuja kushukuru.

"Dokta anataka kuona kovu," nilimwambia. Sauti yangu ilikuwa ndogo, nikarudia. "Usitie kalamu. Nazitaka leo jioni."

"Bila kalamu?" Aliumia, niliona. "Batasema fotografe wa Lubumbashi hajue kazi."

"Uandike nyuma kwamba ni mimi nilikataa."

Alitikisa kichwa, akanikalisha, akasogeza taa mpaka nikasikia joto lake kwenye shavu la kushoto. Watu wote wa mabenchi walinyoosha shingo.

"Sasa usicheke," alisema akiwa nyuma ya mashine. "Ukicheka inavuta."

"Njo vile," nilisema. "Dokta aone vile inavuta."

Nikamfikiria bibi na meno yake ya Bulaya, nikacheka.