Taa ya Kijani Nyumbani kwa Mama Dasol

Kabla ya kutoka nyumbani, Pyo Geumja hufanya mambo mawili, na hajawahi kuyaruka tangu ahamie ghorofa ya tano na binti yake: hufunga vali ya gesi, kisha huchomoa waya wa intaneti ukutani. La kwanza kila mama wa mji wetu wa Daegu, Korea, hulifanya. La pili ndilo lililowachekesha majirani.

"Mama Dasol, huo waya unavuja nini?" Mama Jingyu wa mlango wa pili alizoea kumtania. "Maji au moshi?"

"Sijui kinachovuja," Geumja alimjibu. "Ndiyo maana nauchomoa."

Elimu yake haikuwa ya kujivunia. Aliacha shule mwaka wa kwanza wa sekondari akaingia kiwanda cha nguo, na kwa miaka tisa kazi yake ilikuwa kutazama nyuzi mia mbili zikizunguka, ili mmoja ukikatika auone kabla kitambaa hakijaharibika. Kiwanda kilifungwa, macho yale akabaki nayo. Sasa anapika katika shule ya msingi, na hujua darasa lipi halijarudisha sinia kabla hajamaliza kufunga bomba. Kusoma ndiko kulikomtesa. Alisoma polepole, kidole chini ya kila neno, midomo ikicheza. Binti yake wa pekee, Dasol, alikuwa akiona haya mama akisoma hivyo mbele za watu.

Mwaka ule Dasol alimaliza sekondari. Alitaka chuo cha ualimu, hicho hicho tu, na maombi yalipokelewa kwa mtandao hadi saa kumi na mbili jioni ya Jumanne moja ya Desemba. Saa tisa ya siku hiyo alikuwa bado ameketi sakafuni, goti juu, akiisubiri kompyuta iliyojikokota. Ukurasa mmoja ulichukua dakika nne kufunguka. Alipofika nusu ya fomu, katikati ya kioo likachomoza dirisha jekundu: Kompyuta Nyepesi imegundua makosa 1,482 katika rejista yako. Safisha sasa.

"Rejista ni nini?" mama yake aliuliza.

"Daftari la ndani la kompyuta, Mama. Ndimo ilimoandikwa kila programu iko wapi na inafanyaje kazi."

"Na hawa waliolifungua daftari letu ni akina nani?"

Dasol hakujua. Alikuwa amewakaribisha mwenyewe bila kuwaona. Huku kwetu miaka ile, ukurasa wa benki, wa kodi, wa shule, kila mmoja ulitaka kwanza uweke kiprogramu chake ndipo ukufungulie, na watu walishazoea kubofya Ndiyo, Ndiyo, Ndiyo, kama mtu anayevua viatu mlangoni bila kuvitazama. Katika hizo Ndiyo zote, moja ilikuwa ya mgeni asiyeitwa.

Mama Jingyu aliingia na bakuli la kimchi ya figili, kachumbari iliyochachushwa kwa pilipili, akachungulia kioo.

"Aa, hiyo hata mimi ninayo. Imenifutia makosa elfu mbili. Andika namba ya kitambulisho na ya simu tu, inaanza kazi."

"Na kompyuta yako imekuwa nyepesi?"

Mama Jingyu akafikiri. "Nyepesi hapana. Lakini ni safi."

"Dasol," Geumja alisema, "iambie ihesabu tena."

Ikahesabu tena. Makosa 1,511.

"Hatujagusa kitu, na uchafu umeongezeka?"

Hapo ndipo alipogeuka kutazama kisanduku cha intaneti kilichokuwa juu ya kabati la viatu. Taa yake ya kijani aliijua. Kama hakuna ukurasa unaofunguliwa, hukonyeza mara moja moja, kama mtu anayesinzia. Sasa ilikuwa ikipepesa bila kupumua.

"Hifadhi fomu yako. Funga kila kitu."

"Mama, zimebaki saa mbili na nusu."

"Funga, mwanangu."

Dasol alifunga kurasa zote. Taa iliendelea kupepesa.

"Basi nani anaongea?" Geumja aliuliza. Akauchomoa waya. Mara ile dirisha jekundu likaandika: Hakuna mtandao. Tafadhali unganisha ili usafishaji uendelee.

"Anafagia ndani ya nyumba yangu," alisema, "halafu mlango ukifungwa ufagio unamshinda. Huyo anafagia au anabeba?"

"Mtoto atakosa chuo kwa sababu ya taa," Mama Jingyu alisema, akaweka bakuli chini na kwenda zake.

Geumja akaitazama saa ya ukutani. Kama amekosea, Dasol atasubiri mwaka mzima, na kosa litakuwa la mama asiyejua hata rejista ni nini. Lakini fomu ya chuo ilitaka namba ya kitambulisho cha mtoto, na yeye hakuwa tayari kuiona ikiandikwa mbele ya mgeni.

"Mtoe," alisema.

Dasol alifungua orodha ya programu akabofya pa kuondolea. Likaja dirisha lenye kitufe kikubwa cha buluu, Ndiyo, na chini yake Hapana ndogo, iliyofifia. Kidole cha Dasol kilikwisha kwenda kwenye ile Ndiyo mama yake alipomshika mkono.

"Soma kwanza."

"Mama, zote ni zile zile."

Geumja akaweka kidole kwenye kioo, akasoma neno moja moja, midomo ikicheza: Kompyuta yako iko hatarini. Je, ungependa tuendelee kuilinda?

"Hajauliza kama tunamtoa," alisema. "Ameuliza kama tunataka abaki."

Dasol akaitazama ile sentensi kama ndiyo kwanza anaiona. Yalikuja madirisha matatu, kila moja na swali lake, na katika la pili vitufe vilikuwa vimebadilishana nafasi. Geumja aliyasoma yote matatu, bila kuruka neno, huku saa ya ukutani ikienda. Wakaizima kompyuta, wakaiwasha, wakarudisha waya. Taa ilikonyeza, ikatulia, ikakonyeza tena.

Saa kumi na moja na dakika arobaini fomu ilikuwa imejazwa yote. Kabla ya kubofya Tuma, Dasol alirudi juu kabisa, akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza, akashuka nacho hadi wa mwisho. Kisha akatuma, na namba ya kupokelewa ikatokea.

Walikuwa wakila ile figili mlango ulipogongwa. Mama Jingyu hakuvua viatu.

"Mama Dasol, nimechomoa waya kama wewe," alisema, akitazama chini. "Sasa kompyuta yangu inalia. Imeandika maneno mengi. Njoo unisomee."

Geumja akafuta mikono, akafunga gesi, akachomoa waya, akamfuata.