Bendera Nyekundu Barazani kwa Shangazi Earlene

Hapa Sipple, Alabama, unaweza kumwambia mtu kwamba chama chake cha siasa ni genge la wezi, na bado akakukatia kipande cha nyama ya moshi. Mwambie timu yake ni mbovu uone kama utapewa hata sahani.

Siasa za mji huu hazina presha. Karibu wote tunapigia chama kimoja, na tulikuwa hivyo kabla sijazaliwa. Watu wanashinda kwenye simu wakitukanana kuhusu Washington, ambako wengi hawajawahi kukanyaga, halafu jioni wanaazimana mashine ya kukata majani. Ugomvi wenyewe uko kwenye mpira wa vyuo, ule wa Kimarekani wa kubebwa mikononi: Wekundu wa Chuo Kikuu cha Alabama, na wale wa Auburn wenye rangi ya chungwa na buluu. Mji wetu ni wa Wekundu. Watu wa Auburn wapo, wanajijua, na mwezi wa kumi na moja, timu hizo zinapokutana, wanaongea kwa sauti ya chini.

Shangazi yangu, Earlene Hobdy, anaendesha basi la shule. Nusu ya wazazi wa mji huu walibebwa na yeye wakiwa wadogo, na mpaka leo akiwaangalia vibaya dukani wanakaa sawa. Mumewe, Doyle, alikuwa fundi wa matrekta na Mwekundu wa damu. Alikufa majira ya baridi miaka michache nyuma, na bendera yake nyekundu bado inaning'inia barazani. Shangazi hakuigusa. Kwa hiyo mji mzima ukamhesabu Mwekundu, basi, hakuna aliyejisumbua kuuliza.

Kinachomuuma ni daraja. Daraja la Kijito cha Tallow limefungwa kwa sababu nguzo zimeoza, na basi linazunguka mpaka barabara kuu. Watoto wa Mill Hollow, ng'ambo ya kijito, wanaamka giza, wanafika shule wamelala vichwa vimegongana. Kila mwaka baraza la mji linasema hela hakuna. Meya alipojiuzulu akahamia Florida kucheza gofu, Shangazi akachukua fomu.

Mpinzani wake alikuwa Rance Tidmore, dalali wa nyumba, mwenye meno mengi kuliko mdomo wake. Ahadi yake: skrini kubwa kama ukuta wa ghala, pale bustanini, ili mji mzima uangalie mechi pamoja. Watu walishangilia mpaka mbwa wakabweka. Mji hauwezi kuvuka kijito, lakini utamwona mchezaji akitokwa jasho.

Uchaguzi ukapangwa Jumanne, siku chache baada ya mechi ya Alabama na Auburn. Halafu karani mpya wa mji, bwana mmoja mpole kutoka Ohio, akapanga mdahalo wa wagombea Jumamosi ileile, saa ileile ya mechi. Maskini, hakujua. Huku hakuna bibi harusi mwenye akili anayefunga ndoa siku hiyo, na ukifa Ijumaa utasubiri. Simu zilipigwa ofisini kwake mpaka akachomoa waya. Mwishowe mdahalo ukavutwa asubuhi, kwenye uwanja wa magari wa kanisa la Baptisti, kwa sababu mahema na majiko ya mkaa ya washabiki yangekuwa pale tangu alfajiri hata hivyo.

Baba yangu, Wendell, ndiye mdogo wake Shangazi. Asubuhi hiyo alimfuata jikoni kabla hatujaondoka.

"Dada, mimi nakuomba kitu kimoja tu. Wakikuuliza mambo ya timu, tabasamu. Usiseme kitu."

"Kwa nini nisiseme?"

"Wewe unajua kwa nini. Ile bendera inakufanyia kampeni bure."

"Bendera ni ya Doyle."

"Basi mwache Doyle akupigie kampeni!"

Kwenye familia tunajua. Babu yangu alikamua ng'ombe kwenye shamba la chuo cha Auburn, na Shangazi alikulia kule. Miaka yote ya ndoa yao, Doyle aliangalia mechi sebuleni na rafiki zake, na yeye jikoni, redio chini kabisa. Ni siri ambayo ingemgharimu umeya na daraja lake, na ilikuwa rahisi kuilinda: kunyamaza tu.

Uwanjani moshi ulikuwa umetanda, watu wamekaa kwenye viti vya kukunja na karanga zao za kuchemsha. Mchungaji Lamar Causey alisimamia maswali. Kodi, watu wakatafuna. Takataka, wakatafuna. Mabomba ya maji, mmoja akakoroma. Ndipo Cletus Yarbrough, rafiki mkubwa wa marehemu Doyle, mwenye malori ya kokoto, akasimama na koleo la nyama mkononi.

"Mchungaji, samahani. Haya mengine tumesikia. Sasa tuulize la maana. Bwana Tidmore, wewe ni wa nani?"

Tidmore alikuwa amejiandaa. Alifungua koti, na tai yake ilikuwa nusu nyekundu, nusu chungwa.

"Mimi nashangilia Alabama yote, ndugu zangu! Ashinde aliye bora!"

Wekundu wakazomea. Auburn wakazomea. Ndiyo mara ya kwanza nimeona pande hizo zikikubaliana jambo. Ganda la karanga lilimpata sikioni.

"Kaa chini, mwanasiasa!" alipiga kelele mama mmoja mwenye bakuli la saladi ya viazi, kama vile kila mtu hakuwa pale kuchagua mwanasiasa.

Cletus akageuka. "Bi Earlene hana haja ya kuulizwa. Bendera yake tunaiona kila siku."

Hapo ndipo alipotakiwa kutabasamu tu. Baba alikuwa amefumba macho kama anayengoja sindano. Shangazi akachukua kipaza sauti.

"Cletus, ile bendera ni ya Doyle. Siishushi kwa sababu sijamaliza kumkumbuka. Lakini mimi ni wa Auburn. Nimezaliwa Auburn, nitazikwa Auburn."

Mafuta yalisikika yakidondokea makaa.

"Doyle alijua?" Cletus akauliza, sauti imepungua.

"Alijua kabla ya harusi. Alikwenda kwa mchungaji wa wakati ule kuuliza kama ni dhambi."

Mtu akacheka nyuma. Cletus hakucheka.

"Miaka yote hii umetudanganya, mama?"

"Nimekudanganya wapi? Umekuja kwangu, umekula mayai yangu, umepiga kelele mbele ya televisheni yangu. Uliwahi kuniuliza niko upande gani? Nilikuwa jikoni namwomba Mungu mfungwe!"

Sasa walicheka kweli, hata Wekundu. Mchungaji aliinamisha kichwa ili tusimwone.

"Nisikilizeni," Shangazi akasema. "Mtu anayeogopa kuwaambia timu yake, siku hela ya mji ikipotea atawaambia nini? Sitaki skrini. Mna televisheni majumbani kubwa kuliko madirisha. Nataka daraja. Watoto wa Wekundu na watoto wa Auburn wanalala kiti kimoja kwenye basi langu, na udenda wao rangi moja."

Haikutosha. Nilisikia pembeni watu wakinong'ona, "Mwanamke mzuri, lakini Auburn, jamani." Wengine hata hawakumwangalia tena. Cletus akanyoosha koleo.

"Tuwekeane dau kama kawaida yetu, Bi Earlene. Wekundu wakishinda leo, kesho unakuja kanisani na jezi nyekundu."

"Na Auburn wakishinda, wewe unavaa yangu ya chungwa, na unakaa kiti cha mbele."

"Haitanitosha."

"Itakubana. Ndiyo raha yenyewe."

Wekundu walishinda, kwa teke la mwisho kabisa, muda ukiwa umeisha. Mimi ni Mwekundu, niliruka mpaka nikamwaga chai ya baridi. Halafu nikamwona Shangazi anakunja kiti chake polepole, na ladha ya ushindi ikaniisha mdomoni. Baba alisema tu, "Sasa kwisha."

Jumapili kanisa lilijaa, na si kwa ajili ya mahubiri. Tidmore alikuja na jezi nyekundu mpya kabisa, karatasi ya bei bado inaning'inia kwapani. Ile tai ya jana sijui aliizika wapi. Alikuwa anashika mikono ya watu kuanzia mlangoni.

Kisha akaingia Shangazi. Hakununua jezi. Alivaa ya Doyle, iliyopauka, yenye doa la grisi ya trekta tumboni, inamfika magotini. Alitembea katikati ya kanisa kichwa juu, akakaa kiti cha mbele. Hakuna aliyezomea. Nilimwona Cletus anavua miwani na kuifuta, na haikuwa na vumbi.

Mchungaji hakuweza kujizuia. Akamwinamia na kumsalimia kwa salamu ya Wekundu: "Roll Tide, Bi Earlene."

"Amina," Shangazi akajibu. Zaidi ya hapo hakutoa.

Jumanne watu walipiga kura kwenye kituo cha zimamoto. Cletus alipotoka alipita mbele yetu bila kusimama, akasema akiangalia pembeni, "Usinishukuru. Nimempigia mwenye jezi ya Doyle." Naona hakuwa peke yake. Shangazi alishinda, kwa kura chache, lakini alishinda, katika mji ambao ungempa mtu wa Auburn chochote isipokuwa ufunguo wa ofisi ya meya.

Nimesoma watu wengi wa mitandaoni wakieleza kwa nini siasa za nchi hii zimeharibika. Maneno marefu. Mimi nimemwona mwanamke akisema ukweli uliokuwa unamkosesha kila kitu, kisha akalipa dau lake hadharani bila kununa. Nina damu yake, na nitalisema hilo popote.

Jumatano mchana, baada ya zamu ya basi, tulimkuta Cletus barazani kwa Shangazi, juu ya ngazi. Alikuwa anapigilia bendera ya chungwa na buluu pembeni ya ile ya Doyle.

Shangazi akasimama kwenye majani, mikono kiunoni. "Mbona yangu iko chini?"

"Mlifungwa."

"Na malori yako ya kokoto yako wapi, Cletus?"

"Yapo. Kwa nini?"

"Jumatatu baraza linakaa kuzungumzia daraja. Nataka useme mbele yao utatoa mangapi." Akainyooshea bendera kidole. "Na hiyo ipandishe iwe sawa. Unaongea na meya."

Cletus alinung'unika kitu, akang'oa msumari.