Lavenda Chini ya Mto

Wifi yangu Nasambu alitunza bustani ya wazungu karibu na Kitale mpaka walipohama, akarudi Sirisia na miche ya lavenda, ua la zambarau lenye harufu kali. Maua makavu aliyaweka kabatini kufukuza nondo, na wenye maumivu ya kichwa aliwafukiza nayo.

Mwaka wa 1988 wakwe walikuja kumposa binti yangu Jentrix. Shangazi wa kijana, Jepkosgei, alichoshwa na safari, akajilaza. Punde akatoka chumbani na kifurushi cha maua.

"Nani ameniwekea dawa chini ya mto?"

Wageni wote sebuleni walitugeukia. Kwetu kitu kilichofichwa kitandani ni uchawi, na nyumba ya marehemu mume wangu haijawahi kutajwa kwa neno hilo.

"Ni mimi, mama," alisema Nasambu. "Si ulilalamika kichwa? Ama ningekuwekea jiwe?"

Akayatia maua yale kwenye beseni la maji ya moto, akajifunika shuka, akavuta mvuke mbele ya wote. Kisha akainua upande mmoja wa shuka.

"Ingia. Tukirogwa, turogwe pamoja."

Jepkosgei aliwatazama ndugu zake, akaingia. Tuliwasikia wakipiga chafya na kuchekana. Mazungumzo ya mahari yalianza wangali wamejifunika.