Mbula Alivyowasalimia Watoto Wote

Mbula aliacha shule darasa la nne huko Machakos, akaja Thika kufanya kazi katika kiwanda cha nguo. Kiwanda kilipopunguza watu, akapata kazi ya kufagia katika shule moja ya msingi hapo Ruiru. Alikaa Gitothua, kwenye ploti ya vyumba sita vya kupanga, na mlango uliopakana na wake ulikuwa wa Mwanarusi, mwanamke Mwislamu aliyeuza mahamri.

Mwanarusi alifariki mwaka wa 1990. Aliacha binti wa miaka minne, Sumeya, ambaye surua ilikuwa imemharibu macho. Baba yake, Rama, alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, leo Mombasa, kesho Malaba. Baada ya mazishi alikuja mlangoni kwa Mbula.

"Mama, huyu mtoto anakujua wewe kuliko mimi," alisema.

"Basi mwache hapa," Mbula akamjibu. "Wewe ukipita, uwe unaingia."

Ikawa hivyo. Jumamosi Mbula alimpeleka Sumeya madrasa, na Jumapili akaenda kanisani kwake. Mtoto alipofika umri wa shule, mwalimu mkuu wa shule aliyofagia Mbula alisema apelekwe shule ya wasioona.

"Lakini anaona, mwalimu," Mbula alisema. "Anaona karibu."

Akakubaliwa kwa majaribio, akakalishwa dawati la mbele. Kila Ijumaa watoto wakienda nyumbani, Mbula alisaga makaa ya betri kuukuu, akayachanganya na majani mabichi, akaupaka ubao wa darasa hilo hadi ukawa mweusi tititi na chaki ikang'aa. Hakuna aliyemtuma. Alipofika darasa la tano, Sumeya alikuwa namba tatu.

Mwaka wa 1997 alikuja Daktari Wakonyo, mwanamke kutoka chuo kikuu. Alikuwa akichunguza jinsi watoto wenye ulemavu wanavyosoma pamoja na wenzao, na familia wanazotoka. Walimu walimwonyesha Sumeya, naye akaomba kuongea na mzazi. Mbula aliegemeza ufagio ukutani, akaketi.

"Mama Sumeya, nijaze nini hapa?" Daktari akauliza. "Fomu ina nafasi ya baba, mama, ama mlezi mmoja."

"Andika Rama, andika marehemu Mwanarusi, halafu uniandike mimi. Sisi wote ni wazazi wake."

"Nafasi haitoshi."

"Basi fomu ni ndogo. Familia si ndogo."

Daktari Wakonyo aliitazama ile karatasi, kisha akaigeuza na kuanza kuandika nyuma. Kabla ya kuondoka alimweleza shida yake. Alikuwa amezunguka wiki mbili akiuliza kama kuna mtoto mlemavu nyumbani, na karibu kila mlango alijibiwa kuwa hakuna.

"Twende pamoja likizo ya Agosti," Mbula akamwambia. "Lakini mimi ndiye nitauliza."

Mbula hakuulizia ulemavu. Aliingia boma, akasema amekuja kusalimia watoto wa hapo, akampa kila mmoja mkono na kumuuliza jina. Mwishoni alisema, "Ni nani sijamsalimia?" Mara nyingi mama mwenye nyumba alienda kumleta mtoto kutoka chumba cha nyuma. Hata hivyo, kuna boma huko Murera ambako mzee mmoja, Nzau, mkamuaji wa ng'ombe, alisema hana mtoto wa kusalimiwa. Kwenye kamba kulikuwa na nguo mbili ndogo za msichana.

Mbula alisikia lafudhi ya kwao, akambadilishia lugha, wakaongea Kikamba. Waliongea juu ya mvua, halafu juu ya Machakos. Ndipo mzee akasema kwamba ana mjukuu, Wayua, wa miaka tisa. Binti yake alikufa akamwachia. Miguu ya mtoto haikutembea.

"Watu wa ofisi walikuja zamani," Nzau alisema. "Walisema wampeleke bweni mbali sana. Mimi nimebaki na huyu tu. Wakimchukua, nitaongea na nani jioni?"

"Hatuchukui mtu, mzee," Mbula akasema. "Shule iko hapo barabarani."

Wakiwa njiani kurudi, Daktari Wakonyo alikiri kwamba miaka yote alikuwa akiandika kuwa familia huficha watoto kwa aibu.

Novemba waliitwa Thika kutoa matokeo mbele ya maofisa wa elimu. Afisa mmoja akasema jambo hilo linajulikana, wazazi hawa huwaonea watoto wao haya. Mbula, aliyekuwa ameketi safu ya mwisho na gauni lake la kanisani, akasimama.

"Samahani, bwana. Tumepata watoto ishirini na sita. Wengine walifichwa kwa haya, sikatai. Lakini tisa walifichwa kwa sababu wanapendwa. Walezi wao waliogopa mtachukua mtoto. Mkisema shule ni ile ya karibu, watawaleta wenyewe."

Afisa akauliza huyu mama amesomea wapi.

"Ni mtafiti mwenzangu," Daktari Wakonyo akajibu, "na hesabu hiyo ni yake."

Mbula akaketi bila kuinamisha kichwa.

Januari ya 1998, watoto kumi na wanne kati ya wale ishirini na sita waliingia shule za jirani. Kule Murera wazazi walijenga mteremko wa saruji mlangoni mwa darasa la kwanza. Nzau alitengeneza kiti cha mbao chenye mgongo, akakifunga nyuma ya baiskeli yake.

Shule zilipofungwa Aprili, alimbeba Wayua kwa baiskeli hiyo hadi Gitothua, akamkabidhi Mbula ripoti ya shule. Mtoto alikuwa namba kumi na tisa kati ya arobaini na wawili.

"Amewapita ishirini na watatu," Nzau alisema, na Wayua akamsahihisha kwamba mmoja wao alikuwa mgonjwa, hakufanya mtihani.