Shamba Chafu

Maabarani walimwita Mama Chekeche, na jina hilo hakulichukia. Kwa miaka ishirini na miwili alifanya kazi ile ile: anaweka mabonge ya udongo kwenye chekeche, anakizamisha kwenye ndoo ya maji, anakipandisha na kukishusha kwa dakika tatu, kisha anapima kilichobaki. Udongo unaosambaratika ndooni utasambaratika na shambani mvua ikiupiga. Vumbi lake litaziba uso wa ardhi, maji yakose pa kuingia, yakimbie nao hadi mtoni. Mumewe alizoea kusema kwamba hata chai mke wake haiamini mpaka aitikise.

Sasa mwanamke kama huyo umwambie shamba la kaka yake ni chafu, halafu utegemee anyamaze?

Ndivyo walivyosema. Kaka yake alilima eka tatu alizogawiwa na mradi wa kilimo, na mradi ulikuwa na fomu yake, na fomu ilikuwa na mstari wa "Usafi wa shamba". Bwana shamba alifika na pikipiki, hakuzima hata injini. Akaona mabua ya mahindi yamelazwa chini na samadi imetandazwa kati ya mistari, akaandika "chafu". Msimu uliofuata, chafu. Na uliofuata tena. Aliyeandikiwa hivyo mara tatu huitwa mbele ya kamati kunyang'anywa eka zake.

Jirani yake, waliyemwita Bwana Nadhifu, alichoma kila bua na kufagia majivu. Kufagia shamba, jamani, kama sebule! Kila mwaka walimpa cheti.

"Dada, niyachome tu yaishe," kaka alimwambia jioni moja, amechoka kusemwa.

"Ukichoma, kaka, umechoma gundi yako. Huu ni udongo wa kichanga. Udongo wa mfinyanzi angalau hujishikilia kidogo wenyewe. Kichanga kinashikwa na nini, kama si mizizi na hayo yanayooza?"

Kaka hakuchoma. Alimwamini.

Siku ya kikao, Mama Chekeche aliingia na bilauri mbili za maji na mabonge mawili aliyoyakausha pamoja dirishani kwake, moja kutoka kila shamba. Akaziweka bilauri mezani mbele ya wajumbe watano, akatumbukiza bonge moja katika kila bilauri. Bonge la Bwana Nadhifu lilikuwa uji kabla mwenyekiti hajamaliza kukohoa. La kaka yake lilitua chini likakaa, na maji juu yake yakabaki maangavu.

"La kaka yako lina mfinyanzi, Mama," bwana shamba alisema. "Hapo hujalinganisha kitu."

Hilo alilitegemea. Akatoa karatasi. "Nimepima mwenyewe. Mchanga ni sabini na moja kwa mia kwa kaka, sabini na mbili kwa jirani. Udongo ni ule ule. Kilichozidi ni hayo unayoyaita uchafu."

Bwana shamba akajifanya anatafuta kalamu. Mama Chekeche alifurahi, tena alifurahi waziwazi. Miaka yote ile ya kulowa mikono, na leo imemfaa mtu wa damu yake.

Mwenyekiti aliinua bilauri yenye bonge la kaka, akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza taratibu.

"Kwa hiyo, Mama, hili ndilo shamba lenye udongo bora katika mradi wetu?"

"Ndilo, mheshimiwa."

"Unaweza kuliandika hilo?"

Akaandika, akatia sahihi. Wajumbe wakanong'onezana kidogo, wakatikisa vichwa kukubaliana. Kisha mwenyekiti akasoma uamuzi: kwa kuwa imethibitishwa na mtaalamu kwamba udongo huo ni bora, kamati imeona ni hasara kuuacha mikononi mwa mkulima mchafu. Eka tatu zinakwenda kwa mshindi wa cheti.

Kaka alichukua kofia yake akatoka bila kumtazama. Mama Chekeche alibaki amesimama kando ya bilauri zake, amejaa hasira. Wamemsikia vizuri, kila neno, na ndilo walilomnyang'anyia kaka yake.

Bwana Nadhifu aliinuka kwenye kiti cha nyuma, akazunguka meza, akampa mkono kwa heshima zote.

"Ahsante sana, dada. Jumamosi naanza kulisafisha."